Mfuko wa Uzazi Unapoacha Kusikia Dawa

Wengi wenu mnaijua dripu ya uchungu. Dawa iliyomo huitwa oksitosini. Ni homoni, na mwili wa mama nao huitengeneza. Mwaka 1953 mtaalamu Vincent du Vigneaud wa Marekani aliweza kuitengeneza katika maabara. Tangu hapo imesaidia kina mama wengi.

Lakini ikiingia mwilini saa nyingi bila kupumzika, mfuko wa uzazi huanza kutoisikia. Kwa nini?

Mfuko wa uzazi ni wa misuli laini. Misuli hii haingoji amri yetu, kama ile ya mkono unaposhika jembe. Oksitosini ndiyo huihimiza ikaze. Kila chembe ya msuli ina vipokeo. Sisi tuviite milango. Homoni inapiga hodi, mlango unaitika, msuli unakaza. Mimba ikikaribia kutimia milango huongezeka sana, ndiyo maana dawa kidogo tu hutosha.

Sasa fikiria mgeni anayepiga hodi kutwa kucha. Utamwitikia mpaka lini? Chembe nayo huchoka. Kwanza milango haiitiki vizuri. Kisha chembe huivuta ndani, na milango mipya hutengenezwa michache. Dripu inadondoka, lakini hodi haina mlango! Mwili wenyewe hutoa homoni hii kwa vipindi, siyo mfululizo. Dripu ikisimamishwa, usikivu huanza kurudi, ila siyo mara moja.

Hatari yake iko wapi? Kondo likishatoka, mfuko lazima ukaze ili ubane mishipa ya damu. Usipokaza, mama anaweza kufa kwa muda mfupi kwa kutoka damu. Aliyekaa kwenye dripu saa nyingi yumo zaidi katika hatari hiyo, na kumwongezea dawa ile ile huenda kusitoshe. Hapo hutumika dawa nyingine, kama misoprostoli, inayopita milango mingine.

Basi tukatae sindano ya baada ya kuzaa? Hapana! Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama apewe uniti 10 za oksitosini mtoto anapozaliwa.

Ila wapo wanaomchoma mama sindano ya uchungu nyumbani. Hilo ni kosa kubwa, maana mfuko unaweza hata kupasuka. Halafu wanamfikisha kituoni na kunyamaza, eti wanaogopa kugombezwa. Heri wagombezwe. Mkunga anataka kujua mama alipewa dawa gani, mara ngapi, na tangu saa ngapi.