Namba ya Z, Leseni na Ada: Nani Huamua, Nani Hulipa

Magari, pikipiki na bajaji, ambavyo kwa jina la pamoja huitwa vyombo vya moto, husajiliwa Unguja kwa namba zinazoanza na herufi Z, wakati zile za Tanzania Bara huanza na T, na hata katika utaratibu wa kimataifa wa kutambua gari limetoka wapi, Zanzibar ina alama yake ya EAZ na Bara ina EAT. Asili ya tofauti hii ni ya kikatiba, kwa kuwa Jedwali la Kwanza la Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 linataja Polisi na ushuru wa forodha miongoni mwa mambo ya Muungano, lakini halitaji usafiri wa barabarani. Ndiyo maana mabadiliko ya usajili, leseni na ada visiwani huamuliwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, na msingi wake mkuu umekuwa Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya 2003.

Mazungumzo ya mitaani huchanganya malipo matatu ambayo kisheria yametengana. Usajili ni kuandikwa kwa chombo na mmiliki wake katika daftari la serikali. Leseni ya udereva ni ruhusa anayopewa mtu, kwa daraja la chombo alichofuzu kukiendesha. Na leseni ya njia ni malipo ya chombo kutumia barabara kwa muda maalumu. Ada moja ikipanda, nyingine hazipandi kwa lazima, na muswada unaozitaja kwa mkupuo unastahili kusomwa kifungu kwa kifungu.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika wingi wa mamlaka. Gari linaposhushwa katika Bandari ya Malindi, ushuru wa forodha hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ni chombo cha Muungano. Ada za Zanzibar huingia katika Mamlaka ya Mapato Zanzibar, mrithi wa Bodi ya Mapato iliyoundwa kwa sheria ya 1996. Na askari anayelisimamisha barabarani ni wa Jeshi la Polisi la Muungano. Gari hilo likivushwa kwa meli hadi Dar es Salaam huingia katika mgogoro wa siku nyingi, kwani usajili wa vyombo vya moto umeorodheshwa kwa miaka mingi miongoni mwa kero za Muungano. Upande wa Bara ulihofia kwamba visiwa vingegeuzwa mlango wa uani wa kukwepea kodi, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini mwananchi aliyekwisha kulipa ushuru wa forodha wa nchi yake ana haki kamili ya kuuliza kwa nini adaiwe tena ndani ya nchi hiyo hiyo.

Kuhusu namna ya kutoza, Bara inatoa funzo lililo karibu. Tarehe 8 Juni 2017, Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alipendekeza kufutwa kwa ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongezwa kwa shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Njia hiyo huondoa foleni na malimbikizo, na humtoza mtumiaji kwa kadiri anavyotumia, ila uzito wake huhama. Katika Mji Mkongwe, ambako vichochoro vingi havipitishi gari, mkaazi anaweza kuliacha gari lake siku kadhaa bila kulipia chochote, ilhali daladala namba 116, iendayo Nungwi, karibu kilomita 60 kutoka mjini, ikichoma lita 30 kwa siku ingelipa shilingi 1,200 kila siku ya kazi. Mafuta ya taa nayo hayaendeshi daladala. Huwasha taa na majiko ya watu wasio na gari.

Mapendekezo ya ada husomwa kwa kawaida pamoja na bajeti ya mwezi wa Juni na kuanza kutumika tarehe 1 Julai. Muda huo ni mfupi kwa mwenye daladala kupanga mapato yake, hasa kwa kuwa nauli haipangi yeye, na haki ingetaka ada mpya na nauli zijadiliwe katika kikao kimoja.