Hita Ndogo Kuliko Unywele: Jinsi Joto Linavyodhibitiwa Ndani ya Vifaa vya Mkongo

Kila dereva aliyewahi kulala Namanga, Malaba au Rusumo anaifahamu kauli hii: "Mtandao uko chini." Gari limefika, hati zilitumwa tangu jana, lakini afisa hawezi kuzifungua. Mara nyingi chanzo ni greda lililokata mkongo au umeme uliokatika. Hata hivyo ipo sababu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni joto. Kwa kuwa baadhi ya wasomaji wetu siku hizi wanaagiza na kusafirisha vifaa vya mkongo wao wenyewe, tumeona ni vyema tueleze jambo hili kwa undani kidogo.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, nchi zetu zilianza kuachana na setilaiti na kutumia mwanga. Leza ndogo huwaka na kuzima mabilioni ya mara kwa sekunde, na mwanga wake hupita ndani ya unyuzi wa kioo. Ili unyuzi mmoja ubebe mizigo mingi, hutiwa leza nyingi kwa pamoja, kila moja ikiwa na rangi yake. Rangi hizo hazionekani kwa macho. Hupimwa kwa nanomita, na nyingi ziko karibu na nanomita 1550.

Hebu msomaji uifikirie barabara yenye njia nyingi, kila lori na njia yake. Katika mfumo unaoandikwa DWDM, upana wa kawaida kati ya njia moja na nyingine ni kama nanomita 0.8 tu, na mara nyingine nusu ya hapo. Tatizo ni kwamba leza ikipata joto hubadilisha rangi. Leza ya kawaida ya mkongo husogea takriban nanomita 0.1 kwa kila sentigredi moja. Piga hesabu: joto likipanda sentigredi 8, lori letu limeshaingia njia ya jirani. Sanduku la chuma lililowekwa juani linaweza kupanda zaidi ya sentigredi 20 kati ya alfajiri na saa nane mchana, kwa hiyo leza isiyodhibitiwa ingevuka njia mbili na zaidi.

Kuna mfumo mwingine wa bei nafuu, CWDM, ambao njia zake zimeachana kwa nanomita 20. Humo leza inaweza kutoka sentigredi 0 hadi 70, ikasogea nanomita 7, na bado ikabaki njiani mwake. Ndiyo maana moduli za CWDM hazihitaji kipoza na bei yake ni ndogo. Mfanyabiashara anayedhani tofauti ya bei ni jina la kampuni tu, hapo anakosea.

Sasa tuje kwenye hita zenyewe. Mtu anaweza kuuliza, kama joto ndilo adui, kwa nini tuongeze jingine? Jibu ni kwamba kupasha ni rahisi kuliko kupoza. Kipoza cha umeme cha moduli ya DWDM kinaweza kufanya yote mawili, lakini kinakula umeme na kinachukua nafasi. Katika vifaa vya silikoni, ambavyo Intel ilianza kuviuza kwa vituo vya data mwaka 2016, wahandisi hutumia mbinu nyingine: huviweka katika joto la juu kidogo kuliko lile kali litakaloletwa na mazingira, kisha hita huongeza au hupunguza nguvu ili joto hilo lisiyumbe.

Silikoni inaufaa sana mtindo huu kwa sababu mwendo wa mwanga ndani yake hubadilika haraka joto linapobadilika. Faida hiyo hiyo ndiyo hasara yake. Mfereji wa mwanga uliokunjwa kama pete, ambao kazi yake ni kuchagua rangi moja, husogea karibu nanomita 0.07 hadi 0.08 kwa kila sentigredi, na pete yenyewe huchagua kipande chembamba sana cha rangi. Sentigredi moja tu inaweza kuiharibia kazi. Nvidia ilipotangaza swichi zake zinazotumia pete za aina hii mwezi Machi 2025, kulidhibiti joto lilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Hita yenyewe ni uzi wa madini, kwa mfano naitraidi ya titani au tangsteni, uliolazwa juu ya mfereji. Hauwezi kugusa mfereji, maana madini humeza mwanga. Huachwa umbali wa takriban mikromita moja au mbili, na katikati huwekwa tabaka la kioo. Hapo ndipo hasara inapoanza. Chini ya mfereji kuna kioo chembamba, na chini ya kioo kuna bamba nene la silikoni, ambayo hupitisha joto mara 100 hivi kuliko kioo. Joto jingi hukimbilia huko chini bila kufanya kazi yoyote.

Ni kama jiko la bati tupu. Mama ntilie yeyote atakuambia kwamba jiko lenye udongo ndani hula mkaa kidogo, kwa sababu moto haupotei pembeni. Wahandisi nao wamefanya hivyo: huchimba mitaro pembeni mwa mfereji, kisha huondoa silikoni iliyo chini yake, ukabaki umening'inia juu ya hewa kama daraja. Hewa hupitisha joto kidogo mno hata kuliko kioo. Hita ya kawaida huhitaji miliwati 20 au 30 kuugeuza mwanga nusu wimbi. Iliyochimbwa chini huweza kufanya kazi hiyo kwa miliwati chache tu. Mitaro hiyo pia huzuia joto la hita moja lisimsumbue jirani yake.

Lakini hakuna cha bure. Chungu kilichofunikwa vizuri hakipoi upesi, na mfereji uliozungushiwa hewa pia huchelewa kubadilika unapoamriwa. Daraja hilo pia ni dhaifu kidogo, na kulitengeneza kunaongeza gharama kiwandani. Kwa kazi inayohitaji tu kushikilia joto palepale, ucheleweshaji huo si neno.

Kushikilia joto ni kazi ya sensa. Kipande kidogo cha mwanga huchotwa na kupimwa. Kikipungua, mzunguko wa umeme hujua pete imehama na huirekebisha hita. Tatizo ni kujua imehamia upande gani. Njia moja ni kuitikisa hita kidogo sana mfululizo, ikapanda na kushuka, na kuangalia mwanga unajibu vipi, kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Kwa wanaoingiza moduli hizi, kuna mambo ya kutazama kabla ya kulipa. Moduli ya daraja la kawaida huandikwa sentigredi 0 hadi 70, ya daraja la viwandani -40 hadi 85. Hicho ni kipimo cha ganda la moduli yenyewe, wala si cha hewa ya nje, na ndani ya kabati lililofungwa ganda huwa na joto zaidi. Sanduku la barabarani Voi au Dodoma lisilo na kiyoyozi linataka daraja la pili. Safari ndani ya kontena si tatizo kubwa. Unyevu na vumbi kwenye midomo ya kioo ndivyo vya kuogopwa, kwa hiyo vifuniko vya plastiki visiondolewe njiani hata mkaguzi akifungua boksi.

Moduli nyingi huweza pia kutoa taarifa ya joto lao na umeme unaokwenda kwenye leza. Mwombe fundi azisome siku ya kupokea mzigo na aziandike. Umeme wa leza ukipanda mwezi hadi mwezi huku joto likiwa lile lile, leza hiyo inazeeka, na ni heri kuibadilisha kabla foleni ya malori haijafika barabara kuu.