Afande akifa kazini, kadi ya hospitali ya watoto wake inaisha lini?

Wadau, leo ni uzi mrefu kidogo, chukueni chai.

Kila mjadala wa usalama ukifika kwa polisi, kuna sentensi lazima isemwe: "Familia za maafisa waliofia kazini zitashughulikiwa." Ukumbi unapiga makofi, mwendesha mjadala anaruka kwa mada ingine. Nataka tuishike hiyo sentensi tuifungue, kwa sababu hata sisi tunaofuata siasa kila siku tunachanganya vitu viwili ndani yake, fidia na bima ya matibabu. Kama kawaida ya hapa, hakuna mwanasiasa wala chama nitataja.

Mimi ni mtu wa Kangemi. Matatu yangu ya kuenda chuo inapita Westlands kila asubuhi, na huku kwetu haya mambo si ya kusoma kwa kitabu. Tarehe 21 Septemba 2013 Westgate ilivamiwa, ikachukua siku nne, watu zaidi ya 60 wakauawa, na kati yao walikuwemo maafisa wa usalama. Nilikuwa shule ya msingi. Tarehe 15 Januari 2019 ikawa zamu ya 14 Riverside, pale DusitD2. Waliouawa ni 21, mmoja wao afisa wa polisi. Mara zote mbili nakumbuka hotuba. Sikumbuki mtu akiuliza mke wa afande atampeleka mtoto hospitali gani mwezi wa sita baada ya mazishi.

Mimi mwenyewe nimekuja kuuliza kwa sababu ya jirani. Mume wake alikuwa konstebo, akafa kwenye ajali ya gari la kazi mbali na Nairobi. Mazishi yalikuwa ya heshima, bendera, bunduki, wakubwa walikuja. Kifungua mimba wao ana pumu. Miezi kadhaa baadaye kijana akabanwa usiku, mama akamkimbiza hospitali ile ile waliyokuwa wakienda siku zote. Kwa dirisha la mapokezi akaambiwa mwenye bima ametolewa kwenye mfumo, kwa hivyo waliokuwa chini yake pia hawapo. Pesa ya fidia ilikuwa haijafika. Tukachanga kwa simu saa saba usiku, watu wa ploti.

Sasa twende kwa mambo yenyewe.

Fidia kwanza. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ile watu huita WIBA, inahesabu kifo cha kazini kwa mshahara wa miezi 96, yaani miaka minane. Tuseme afande alikuwa anapata 40,000 kwa mwezi. Hiyo ni 3,840,000. Kando yake kuna mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021, ambao unamtaka mwajiri awe na bima ya maisha isiyopungua mara tano ya mshahara wa mwaka. Kwa mfano wetu, 2,400,000. Mtu akisikia hizo namba anasema ah, si hiyo ni pesa nzuri? Ni nzuri. Lakini hailipwi kesho. Kuna cheti cha kifo, barua ya chifu, karatasi za mahakama za urithi, na mara nyingi kuna shemeji mmoja aliyegundua ghafla kwamba alimpenda sana marehemu. Na ikishafika, inafika mara moja. Karo iko hapo, deni la sacco liko hapo, na nyumba ya serikali lazima waiache.

Bima ya matibabu ni mnyama mwingine kabisa. Afande akiwa hai anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA kama mfanyakazi mwingine yeyote. Kwa 40,000 hiyo ni 1,100 kila mwezi. Juu yake kuna bima pana zaidi ambayo serikali kama mwajiri huwalipia maafisa wake, na hiyo ndiyo hufungua milango ya hospitali nzuri. Mke na watoto wako ndani yake kama wategemezi wa mtu aliye kazini. Soma tena hayo maneno mawili, aliye kazini. Jina likitoka kwenye orodha ya mishahara, kitu cha kutegemea kimeondoka. Hata mkataba ukiwa mkarimu ukaacha familia imalize kipindi kilicholipiwa, hicho kipindi huisha.

Baada ya hapo mjane anajisajili SHA kwa jina lake. Kama hana ajira anaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, kisha anapangiwa mchango, si chini ya 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. 3,600 si nyingi, najua. Lakini hiyo ni bima ya kila Mkenya, yenye viwango vyake vya chini. Familia imeshuka ngazi kwa sababu baba alikufa akifanya kazi ya serikali. Hapo ndipo mimi nakwama.

Kwingine wamelifanyaje? Jimbo la Illinois kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 1997. Polisi au mzima moto akiuawa kazini, mwajiri anaendelea kulipa mchango wote wa bima ya afya ya mwenzi na watoto. Nimeipenda, lakini msikimbie kuinakili. Ina masharti. Tukio lazima liwe lilitokana na mambo kama kumfukuza mhalifu, kuitikia dharura, uhalifu wa mtu mwingine au uchunguzi wa uhalifu. Na kwa upande wa maafisa waliojeruhiwa vibaya bila kufa, watu walibishana maana ya maneno mawili tu ya sheria hiyo hadi Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua mwaka 2003. Miji midogo nayo hulalamika kwamba jimbo liliandika ahadi na wao ndio wanalipa.

Leta masharti kama hayo hapa uone. Afande wa Riverside ameingia bila swali. Je, jirani yangu? Gari lilipinduka wakirudi kambini, hakuna mhalifu aliyekuwa anafukuzwa. Aliyepigwa risasi akielekea nyumbani baada ya zamu? Aliyejiua baada ya miaka ya kuona maiti? Mwanasiasa akisema "waliofia kazini" bila kueleza kazini ni wapi, bado hajaahidi kitu.

Swali la pili ni nani familia. Bima inahesabu mwenzi na watoto. Mama mzazi aliyekuwa anategemea huyo kijana kwa dawa za presha hayumo, na kwa makonstebo wengi ambao hawajaoa, mama ndiye familia yote.

Nitajibu mapema yale mtaniandikia. "Pesa itatoka wapi?" Swali halali. Polisi wetu ni kama laki moja, na wanaofia kazini kwa mwaka ni sehemu ndogo sana ya hao, lakini mtoto wa mwaka mmoja utamlipia miaka 17 au zaidi, kwa hivyo gharama inajilundika. Anayeahidi aje na hesabu ya miaka, si ya bajeti moja.

"Na walimu waliouawa Mandera, na wauguzi?" Hapo sina jibu safi. Kati ya watu 28 waliouawa kwenye basi la Mandera Novemba 2014 walikuwemo walimu. Mimi ningeanza na kanuni pana, kwamba yeyote ambaye serikali ilimtuma mahali hatari asiache watoto bila kadi. Polisi wapate kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya sare.

Na lile kubwa: "Baada ya Juni 2024 unataka niwahurumie polisi?" Nilikuwa town siku hiyo, simsafishi mtu. Waliopoteza watoto kwenye maandamano wanadai haki na fidia, na wanastahili kujibiwa. Lakini Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya bila kuuliza mzazi wake alivaa nini kazini. Ukiitumia kwa mmoja, unaitumia kwa wote wawili.

Kwa hivyo mjadala ujao ukifika hapo, mtu ashike maikrofoni aulize: kadi inaendelea kwa miaka mingapi, ya kiwango kipi, nani analipa, na iko kwenye sheria au kwenye mkataba wa bima unaobadilika? Jibu likiwa ni "tutahakikisha", rudisha maikrofoni na uulize tena.

Jirani amehamia chumba kimoja upande wa chini. Alilipa SHA ya mwaka. Kijana anachukua inhela kwenye kituo cha afya siku ambazo zipo, na siku ambazo hazipo ananunua.