Mtu wetu amepotea, tuanzie wapi?

Sisi walimu wa kujitolea tunaulizwa swali hili kila mara, hata katikati ya somo la hesabu mama anasimama mlangoni.

Hapa Koboko nchi tatu zinakutana. Vita ya Juba ilipolipuka Julai 2016 watu wa nyumba moja walitawanyika: huyu alipitia Oraba, yule akaingia Kongo. Wenyeji wetu wanalijua jambo hili, maana wao nao walikimbilia Sudani na Zaire baada ya Amin kuanguka mwaka 1979.

Mtoto akipotea leo hapa hapa kambini, nendeni polisi na kwa viongozi wa mtaa saa hiyo hiyo. Waliopotea njiani, anzeni na Msalaba Mwekundu wa Uganda. Kutafuta ndugu ni bure. Mtu akidai hela ya faili, msimpe! Semeni majina yote, la baba, la mama, kijiji, mlionana wapi mara ya mwisho. Jina la utani pia, kwani wengine jina la kwenye kadi hata jirani halijui. Mkijua alipo ila simu haifiki, andikeni ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni karatasi ya wazi, habari za familia tu, mambo ya siasa na vita yaacheni.

Ulizeni pia Lobule, Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi. Tangu 2020 Imvepi iko wilaya ya Terego, siyo Arua tena, msije mkapotezana kwa jina la wilaya. Kuvuka mpaka mwenyewe kwenda kutafuta, hapana jamani. Watoto watabaki wakitafuta watu wawili.

Darasani kwetu kuna mvulana aliyevuka na mama asiye wake. Mama yule, kwa huruma tu, alimwandikisha kwa jina la mume wake. Siku moja tuliwaambia watoto waandike majina ya babu zao. Mvulana akaandika jina jingine kabisa, halafu akalifuta kwa kidole. Tuliongea na mama polepole, akaogopa atanyang'anywa mtoto. Mwishowe walikwenda pamoja kurekebisha. Bado anakaa kwake, lakini jina la baba yake sasa limeandikwa, na kama baba anamtafuta, ataulizia jina hilo.

Majibu yanaweza kuchelewa miaka. Mkihama au mkibadili namba ya simu, rudini mkawaambie walioandika faili. Asiyejua kuandika aje darasani jioni, tutamwandikia.