Kwa nini tumehamisha kipumulio cha difu ya lori la mradi



Katika hesabu za robo hii mtaona mstari mdogo ulioandikwa "mpira na vifungio, difu ya nyuma". Wajumbe kadhaa wa kamati za sharika wameuliza ni matumizi gani hayo. Swali ni la haki, na jibu lake linaugusa mradi wa maji moja kwa moja.

Lililotokea

Msimu uliopita wa mvua lori letu lilibeba mabomba na saruji kutoka Mbinga kwenda kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa. Lami inafika Mbamba Bay, kilometa 66, lakini vijiji vingi hufikiwa kwa barabara za udongo zinazokatwa na vijito. Lori lilivuka salama. Wiki chache baadaye difu ikaanza kulia. Fundi alipolegeza nati ya kumwagia oili, yalitangulia maji, kisha ikafuata oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Beringi zilikuwa na kutu, na meno ya krauni na pinioni yameliwa. Lori likalala gereji, mabomba yakabaki stoo, na akina mama wakaendelea kuchota maji kijitoni.

Kamati ilimhoji dereva. Lakini ratiba ya haraka niliipanga mimi, na fungu la ukaguzi wa gari baada ya safari nililipunguza mimi.

Maji huingiaje?

Difu ni chombo kilichofungwa chenye oili na hewa. Gari likitembea, vyote viwili hupata moto na kutanuka. Ili hewa isisukume oili kupitia kwenye sili, juu ya ekseli huwekwa kipumulio, ambacho mafundi hukiita briza.

Lori linaloshuka kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani, takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari, hufika likiwa na difu ya moto. Likiingia kwenye kijito cha baridi, hewa ya ndani hunywea ghafla na difu huvuta pumzi. Kipumulio kikiwa chini ya maji, huweza kuvuta maji. Kikiwa kimeziba kwa tope, maji huvutwa kupitia kwenye sili.

Tulichofanya

Fundi alifungua kipumulio na kuweka nipeli yenye uzi unaolingana nacho. Akaunganisha mpira usioharibiwa na oili, akaupandisha kando ya chesisi hadi nyuma ya kebini, juu ya usawa wa bodi, mbali na ekzosi. Mwisho wake umefungwa kipumulio kinachotazama chini ili mvua na vumbi visiingie. Karibu na ekseli mpira umeachiwa ulegevu, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka pamoja na springi. Haukuachwa ubonyee mahali popote, maana maji yangetuama humo na kuziba njia ya hewa.

Hata hivyo, lori halijageuka mtumbwi. Mpira huu hauzuii maji kuingia kwenye injini, wala hautengenezi sili iliyochakaa, wala hauwezi kushindana na mkondo wa mto uliojaa.

Tunachoomba

Kamati zinazopokea mizigo msimu wa mvua zituarifu hali ya vijito kabla lori halijaondoka Mbinga. Dereva akisema anasubiri difu ipoe, au maji yapungue, asiharakishwe. Na baada ya kila safari ya kuvuka maji, oili ya difu ikaguliwe. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo gari likilala usiku mzima hujikusanya chini. Asubuhi nati ikilegezwa kidogo, yataonekana.

Kwa wafadhili wetu: fungu la matengenezo lisionekane kuwa la ziada. Kwa kupunguza fungu hilo tulichelewesha maji ya kijiji kizima.



Mratibu wa Miradi