Kumfundisha Mtumishi wa Duka si Hasara

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Machi, mawingu yanapoanza kutanda juu ya Mlima Elgon, maduka ya pembejeo mjini Kitale na Bungoma hujaa watu tangu asubuhi na mapema. Wakulima hufika kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa miguu, kila mmoja ameshika fedha alizozichanga kwa taabu. Mwenye duka aghalabu yuko kwenye sanduku la fedha, au amekwenda ghalani kusimamia upakuzi wa mbolea. Anayekutana na mkulima ni kijana aliyeajiriwa, pengine mtoto wa ndugu yake mwenye duka, aliyekuja mjini baada ya kumaliza shule. Neno moja la kijana huyo laweza kulisha nyumba nzima kwa mwaka, au kuitia njaa.

Walakini wako wenye maduka wengi ambao hawaoni uchungu kulipa fedha za kupaka ukuta rangi na kuandikisha kibao kikubwa barabarani, ila huona uchungu mno kulipa nauli na ada ya siku mbili ili kijana huyo akafundishwe kazi yake. Husema kwamba kuuza ni kuuza: ajue bei, ajue kurudisha chenji, yatosha. Maneno hayo yangekuwa kweli kama kijana angekuwa anauza chumvi na viberiti.

Mbegu ya mahindi ni jambo jingine, na watu wa Kitale hawana udhuru wa kutojua hivyo. Kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianzishwa katika mji huo mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Kenya Seed, ambayo kwanza ilishughulika na mbegu za nyasi za malisho. Mwaka 1964 ikatolewa kwa wakulima mbegu chotara iliyopewa nambari 611. Mzazi wake mmoja alitoka mbali sana, nchi ya Ecuador katika Amerika ya Kusini; mzazi wa pili alikuwa wa Kitale. Mbegu hiyo iliwafikia wakulima wadogo kupitia maduka ya vijijini, palepale palipouzwa sukari na mafuta ya taa. Wataalamu waliochunguza habari hizo baadaye waliona kwamba wakulima wa magharibi ya Kenya waliipokea mbegu chotara upesi kuliko wakulima wa Marekani walivyoipokea yao katika miaka ya 1930.

Tangu siku hizo nambari iliyo juu ya pakiti ina maana, wala haikuwekwa kwa pambo. Mbegu za Kenya Seed ambazo nambari zake huanza na 6, kama 614, ni za nchi ya juu yenye baridi. Zile zinazoanza na 5, kama 513, ni za nchi ya wastani. Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hunyesha tangu Machi au Aprili mpaka Oktoba. Kwa hiyo mahindi yanayokaa shambani miezi sita au zaidi yana nafasi ya kutosha. Bungoma mjini ni karibu mita 1,400 tu, na huko mvua huja mara mbili kwa mwaka.

Basi tuseme mkulima wa Bumula, upande wa chini wa Bungoma, ameingia dukani na kusema, “Kijana, nipe mbegu nzuri.” Kijana asiyefundishwa hutazama pakiti ipi imenunuliwa sana juma lile, akaikuta 614, akampa. Wala hakumdanganya, kwa maana 614 ni mbegu nzuri kweli. Huko Cherangani imejaza maghala. Lakini mzee yule atangoja mahindi yake mpaka mvua za pili zimekwisha kuanza, ilhali jirani yake aliyepanda mbegu ya miezi minne au mitano amekwisha kuvuna na shamba lake liko tayari kupandwa tena. Mzee atasema mbegu ya duka lile ni mbovu, na atawaambia watu sokoni, na kanisani pia.

Kijana aliyefundishwa angalianza kwa kuuliza: “Mzee, shamba lenu liko upande gani? Mnataka kupanda mara moja mwaka huu au mara mbili?” Swali hilo halimchukui hata dakika moja. Nalo ni la lazima zaidi katika mji kama Kimilili, ambako siku ya soko watu wa Kapsokwony, walioko juu mlimani, na watu wa mabondeni husimama mbele ya meza ile ile.

Mwaka 2017 jambo hili lilionekana wazi kuliko wakati wowote. Mwaka huo viwavijeshi vamizi, mdudu aliyetoka Amerika, vilionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya, na mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma yalikuwa miongoni mwa yaliyoshambuliwa mwanzo. Wakulima walikimbilia madukani kabla hawajakwenda kwa ofisa yeyote. Penye mtumishi asiye na maarifa waliuziwa dawa yoyote iliyokuwa karibu na mkono. Kumbe mdudu huyu hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na kinyesi chake huziba mlango, hata dawa iliyonyunyizwa juu ya majani haimfikii. Yapasa ielekezwe ndani ya moyo wa mmea, asubuhi au jioni, funza wakiwa bado wadogo. Tena dawa ya namna moja ikitumiwa mfululizo, mdudu huizoea. Hayo yote yaweza kufundishwa kwa siku moja.

Kadhalika kuna habari ya mbegu bandia. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa huwa na kibandiko cha KEPHIS, idara ya serikali inayokagua mbegu. Mnunuzi hukwangua kibandiko hicho, akaipeleka nambari yake kwa simu kwenda 1393, akapata jibu kama mbegu ni halali. Wanunuzi wengi hawajui hivyo, na wauzaji wengine hawapendi wajue. Mtumishi anayemwonyesha mkulima jinsi ya kufanya, palepale mezani, kabla fedha haijalipwa, amempatia tajiri wake sifa ambayo kibao cha barabarani hakiwezi kuinunua.

Hapa wenye maduka hutoa hoja yao kubwa: “Nikimfundisha, atakwenda kuajiriwa na mwingine, au atafungua duka lake ng’ambo ya barabara.” Hoja hii si ya kipuuzi. Imewapata wengi. Lakini yafaa ipimwe kwa hesabu. Ekari moja ya mahindi huhitaji karibu kilo 10 za mbegu, yaani pakiti tano za kilo mbili. Mkulima wa ekari mbili hununua pakiti kumi, na mbolea ya kupandia, na mbolea ya kukuzia, na dawa, na magunia wakati wa mavuno. Na huyafanya haya kila mwaka. Duka likipoteza wakulima watano wa namna hiyo kwa sababu ya neno moja la ujinga, hasara yake hupita mbali gharama ya nauli na ada ya siku mbili. Kijana aliyefundishwa akiondoka baada ya miaka miwili, duka limekwisha kula faida ya misimu miwili. Asiyefundishwa naye pengine hataondoka, kwa kuwa hakuna amtakaye, na kila Machi ataendelea kugawa 614 mpaka Bumula.

Tena wanaoondoka mara nyingi hufukuzwa na mshahara. Haifai kumpeleka mtu kujifunza, akarudi na maarifa mapya, kisha akalipwa kama alivyolipwa siku alipokuja kufagia.

Wako waliolitambua jambo hili mapema. Shirika la One Acre Fund lilianza kazi yake Bungoma mwaka 2006 likiwa na jamaa chache za wakulima. Halikutegemea wataalamu kutoka Nairobi peke yao. Liliajiri watu wa palepale, wengi wao wakulima wenyewe, likawafundisha hatua kwa hatua mambo yanayoonekana madogo: kupima nafasi kwa kamba, kuweka mbolea kidogo kwa kipimo katika kila shimo. Hao ndio waliokwenda kuwafundisha majirani zao.

Sheria nayo haikulala. Sheria ya mafunzo ya kazi ilitungwa Kenya mwaka 1959, na ilipogeuzwa mwaka 2011 ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, iitwayo NITA. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mtumishi, na mwajiri aliyelipa aweza kuomba arudishiwe gharama ya mafunzo yaliyokubaliwa. Inasikitisha kwamba wako wanaolipa fedha hizo kama kodi tu, wasiulize hata siku moja zinawafaa nini.

Si kila mafunzo ni mafunzo, bila shaka. Yako yale ya kunywa chai, kusikiliza hotuba na kurudi na cheti cha kutundika ukutani. Mwenye duka na aulize kwanza ni nini kitakachofundishwa, na kama mtumishi wake atashika pakiti, pampu na mmea kwa mikono yake mwenyewe. Wakati mzuri ni Januari, kabla ya msongamano wa mbegu, au Julai, mbolea ya kukuzia ikiisha kuuzwa na wanunuzi wakiwa wachache. Na kijana akirudi, apewe asubuhi moja awaeleze wenzake wote wa dukani aliyojifunza, hata yule anayebeba magunia, maana mara nyingi mkulima humwuliza huyo kwanza.