Boga la siku moja na boga la msimu mzima

JIONI ya Oktoba 31, boga lililochongwa macho, pua na meno, kisha likatiwa mshumaa ndani, ni pambo la heshima mlangoni mwa familia nyingi za Marekani. Asubuhi ya Novemba 1, boga hilo hilo ni takataka. Ni mazao machache duniani ambayo bei yake huanguka usiku mmoja namna hiyo, bila mdudu kulishambulia wala mvua kuliozesha.

Sikukuu yenyewe ni Halloween. Kwa mkulima anayefikiria kupanda kwa kufuata sikukuu, biashara hii ina somo: tarehe inaweza kulipa zao thamani, na tarehe hiyo hiyo ikaiondoa.

Kutoka tanipu hadi boga

Mila hii ina mizizi kwa Wakelti wa Ireland na Scotland, ambao waliadhimisha mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi kwa sikukuu iliyoitwa Samhain. Baadaye Kanisa liliifanya Novemba 1 kuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, na mkesha wake ukabaki na desturi za kale. Waireland walichonga tanipu, mzizi mnene unaofanana na figili, wakaitia mwanga ndani ili kutisha pepo.

Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, hasa wakati wa njaa kuu ya viazi ya 1845 hadi 1852, walikuta zao kubwa zaidi, lenye uwazi tumboni na rahisi kuchongwa. Boga asili yake ni Amerika. Mbegu zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca nchini Mexico, zina umri wa miaka ipatayo 10,000.

Zao moja, masoko mawili

Jimbo linaloongoza kwa kilimo cha maboga Marekani ni Illinois, lakini maboga mengi ya huko hayachongwi. Hulimwa kwa mkataba na kupelekwa kwenye kiwanda cha Libby's, mali ya Nestlé, katika mji wa Morton. Huko husagwa, yakatiwa kwenye makopo na kuuzwa kwa ajili ya pai ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Boga la kiwandani halina sura ya kupendeza, bali lina nyama nene na tamu.

Boga la kuchonga ni jingine kabisa. Aina maarufu ya Howden, iliyotokana na kazi ya mkulima John Howden wa Massachusetts, inapendwa kwa umbo, rangi na kikonyo chake imara. Nyama yake ina nyuzinyuzi na haina ladha ya maana. Mnunuzi hapo hanunui chakula, ananunua sura.

Sasa tazama hesabu ya mkulima wa boga la kuchonga. Linahitaji siku 100 hadi 115 kukomaa, hivyo lazima mbegu iingie ardhini kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Julai. Ua la boga hufunguka asubuhi moja tu, kwa hiyo wengi hukodi mizinga ya nyuki ili kuhakikisha uchavushaji. Gharama karibu zote hulipwa miezi kadhaa kabla ya bei kujulikana, na Oktoba ikiisha hakuna mnunuzi wa kumsubiri.

Ndiyo maana wakulima wengi walio karibu na miji wameacha kutegemea boga peke yake. Wanauza matembezi: familia hulipa kiingilio, hupanda tela la trekta, hupotea kwa makusudi katika njia zilizokatwa ndani ya shamba la mahindi, kisha hujichumia boga lao.

Hata kiwanda hakijanusurika na kalenda. Mwaka 2009 mvua za msimu wa mavuno zilizuia matrekta kuingia mashambani Illinois, na Nestlé ikatangaza upungufu wa maboga ya kopo. Mwaka 2015 mvua kubwa za Juni zilipunguza tena mavuno.

Jamii zinazolila

Mexico, katika Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2, boga hupikwa kwa sukari guru na mdalasini, likawekwa mbele ya picha za marehemu, kisha walio hai wakala. Haiti, kila Januari 1, hupikwa supu ya maboga iitwayo joumou kukumbuka uhuru wa 1804. Supu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021.

Wajapani nao hula boga siku fupi kuliko zote, karibu na Desemba 21. Tonga, nchi ndogo ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, iliiona nafasi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, ikalima maboga ya kuuza Japani katika wiki ambazo wengine hawakuwa na mzigo. Likawa zao lake kubwa la kuuza nje, kisha ushindani na bei mbaya vikalidhoofisha.

Boga la futari

Kwetu pwani, boga la nazi ni futari ya Ramadhani. Tofauti ni kwamba tarehe hii inahama. Mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: mwaka 2020 Ramadhani ilianza mwishoni mwa Aprili, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2030 itaangukia Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Boga la futari ya Januari 2030 litatakiwa kupandwa Septemba 2029, kabla vuli haijakolea. Asiye na maji ya kumwagilia atalikosa soko hilo, hata kama amelizoea miaka yote.

Lakini mkulima wetu ana kinga ambayo mwenzake wa Halloween hana. Majani huchumwa kama mboga wiki chache baada ya kupanda. Mbegu hukaangwa. Boga lililokomaa, lisilo na jeraha na lenye kikonyo, likiwekwa mahali pakavu penye hewa hukaa miezi miwili au mitatu.

Basi kabla ya kupanda kwa ajili ya sikukuu yoyote, jiulize nani atanunua siku inayofuata, na kwa bei gani. Kama jibu ni hakuna, panda eneo ambalo hasara yake unaweza kuibeba. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Mchumi ataongeza: penda na majani, na mbegu pia.